Nondo wa Mtego wa Saba

2 Machi
Daftari hili si langu. Mradi wa kupambana na viwavijeshi umempa mke wangu simu moja, kopo la kijani la kunasia nondo, na madaftari mawili ya kuandikia hesabu. Moja anatumia yeye. Hili la pili lilikuwa limelala juu ya kabati, na mimi sipendi kitu kilale bure ndani ya nyumba yangu. Nitaandika mambo ya msimu. Mvua imeanza juzi, na leo imenyesha tangu alfajiri hadi saa nne.

5 Machi
Tumemaliza kupanda. Mgongo nimeuazima, si wangu.

19 Machi
Mahindi yametoka, yamesimama mistari kwa mistari. Leo mtaalamu wa mradi amekuja kwa pikipiki kusimika mtego. Kavaa shati jeupe. Kwenye tope hili, shati jeupe! Mtu wa hivyo ama hana kazi, ama ana mtu wa kumfulia.

Alitueleza hivi. Ndani ya kifuniko cha kopo kuna kidonge chenye harufu ya nondo jike, yule kipepeo wa usiku anayetaga mayai ya viwavi. Madume wananusa, wanakuja mbio, wanatumbukia, wanafia humo. Jirani yangu Fundi Cherehani akasema, "Kumbe hata wadudu!" Watu wakacheka. Mke wangu naye akacheka, na kwa maoni yangu alicheka zaidi ya ilivyohitajika.

Kazi yenyewe ni kwamba kila siku saa moja asubuhi mke wangu ahesabu nondo walionaswa, aandike idadi kwenye simu, atume. Huko ofisini mashine inapima, kisha kaya zote arobaini za kikundi chetu zinapata meseji: hali ni salama, au kagua shamba, au puliza dawa. Dawa na pampu zimefungiwa stoo kwa mwenyekiti. Hazitoki mpaka meseji iseme puliza, kwa sababu mwaka jana kila mtu alipuliza alipojisikia, na viwavi walipofika kweli dawa ilikuwa imekwisha. Mtego wetu ni wa saba, na umewekwa kwetu kwa kuwa shamba letu liko katikati. Mke wangu alichaguliwa kwa kunyoosha mikono. Hata mimi nilinyoosha.

24 Machi
Nondo 3. Mvua.

27 Machi
Nondo 6. Simu inalia kila asubuhi akishatuma hesabu. Anasoma, anatabasamu, anaiweka kwenye mfuko wa aproni.

30 Machi
Nondo 9. Leo alikwenda kisimani akaisahau simu mezani. Ikalia. Nikasema siangalii. Nikaangalia. "Asante mpendwa. Tumeipata. Kesho saa hii usikose."

Mpendwa! Miaka kumi na miwili nimeoa, sijawahi kumwita mke wangu mpendwa, naye hajalalamika. Nilirudisha simu pale pale, nikaigeuza ilivyokuwa. Aliporudi sikumuuliza. Mwanaume haulizi, anachunguza. Kutwa nzima nimelichunguza shati jeupe kichwani mwangu.

2 Aprili
Nondo 19. Nimekwenda dukani kununua kiberiti, nikamkuta Fundi Cherehani na wenzake wameinamia simu. Kumbe meseji ya juma inataja kila mtego na idadi yake. "Jirani," akaniambia meno yote nje, "wengine wanafuga kuku, wewe umeona ufuge nondo?" Mwingine akasema viwavi wote wa mwaka huu wazaliwa wa shambani kwangu, nianze kuwapa majina. Nilicheka nao. Nimerudi nyumbani bila kiberiti.

4 Aprili
Tumegombana. Alikuwa amesimama mlangoni anasoma ile meseji yake ya asubuhi, na uso umemlainika. Nikamwambia, "Nipe hiyo simu."

"Ya nini?"

"Kuanzia kesho nondo nitahesabu mimi."

"Baba, wewe hata kunguni hujawahi kumhesabu."

"Nimesema nipe. Shamba ni langu, mtego uko shambani kwangu."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta mahali panapouma. Akaniuliza, "Kuna neno umelisikia?" Nikasema hakuna. Akafuta skrini kwa aproni, akanipa. Akanieleza taratibu namna ya kutuma, asije akaonekana ameniachia kazi nusu. Mke wangu ni mtu wa hivyo.

5 Aprili
Nimefungua mtego. Nondo 23. Nikawamwaga kwenye jani la mgomba nikawarudia mara mbili: 23. Nikafikiria dukani, na yale meno ya Fundi Cherehani. Mtu akisikia ishirini na watatu atasema nini? Atasema palizi sijafanya, atasema shamba la mvivu. Nikaandika 5. Hapa kwenye daftari naandika ukweli, maana hapa hapasomwi na mtu.

Simu ikalia: "Asante mpendwa. Tumeipata. Kesho saa hii usikose." Nikajua shati jeupe hajui kuwa simu imehama mikono. Nondo nimewamwaga nyuma ya tangi la maji.

Wakati wa chakula cha jioni mke wangu akaniuliza, "Leo wangapi?"

"Watano."

"Alhamdulillahi," akasema. "Wamepungua."

6 Aprili
Nondo 26. Nimeandika 4. Meseji ya mpendwa imeingia kabla sijaondoa kidole. Nikastuka. Mtu gani anajibu haraka namna hii, anakaa na simu puani? Nikaandika: "Wewe ni nani na unataka nini kwa mke wangu?" Jibu likaja hapo hapo: "Samahani, ujumbe wako haukueleweka. Tafadhali andika idadi ya nondo kwa tarakimu."

Nikaandika tena: "Toka hadharani." Jibu: "Samahani, ujumbe wako haukueleweka. Tafadhali andika idadi ya nondo kwa tarakimu."

Ni mashine. Wiki nzima nimemwonea wivu mashine. Nilikaa juu ya jembe palepale nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Ilinipasa niende jikoni nimrudishie simu yake. Lakini nitamrudishia kwa kusema nini? Kwamba nilimdhania mabaya, na kwa ajili ya nini? Nikasema kesho.

Jioni: "Leo wangapi?" "Wanne."

7 Aprili
Nondo 28. Nimeandika 4. Nikiandika kweli leo, wataniuliza jana ilikuwaje.

8 Aprili
Nondo 31. Nimeandika 3. "Leo wangapi?" "Watatu."

10 Aprili
Nondo 40. Nimeandika 3. Meseji ya juma imetoka kwa kaya zote: "Hali ni salama. Usipulize dawa." Chini kabisa, kwenye mstari wa waliotuma taarifa, jina la mke wangu, maana simu imesajiliwa kwa jina lake. Mwenyekiti alipita na baiskeli akapiga kengele akasema mtego wa saba sasa ni shamba darasa. Nilimpungia mkono.

Nondo si kiwavi. Nondo ana mabawa, anaweza kuwa anapita tu kwenda zake. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

12 Aprili
Nondo 37. Nimeandika 3. Mke wangu ametoka mapema karibu kila siku juma hili, anarudi na tope hadi magotini. "Unatoka wapi?" "Kwa dada." Dada yake ni mjane, shamba lake linapakana na letu upande wa bondeni. Sijui wana nini cha kusemezana kila siku.

14 Aprili
Nondo 33. Nimeandika 2. Asubuhi akaniambia, "Baba, nipe simu siku moja tu. Leo tu, nitakurudishia."

"Hunitegemei?"

"Nakutegemea. Ndiyo maana nakuomba."

Nikamwambia kazi nimeizoea. Akaenda kuchambua maharage. Mvua imekatika siku ya tatu leo, na jua linachoma.

16 Aprili
Nondo 29. Nimeandika 2.

"Leo wangapi?"

"Wawili."

Aliweka sahani chini, akaniangalia kwa muda mrefu. Nikaangalia chumvi. Akasema, "Haya," akainuka akaosha vyombo.

17 Aprili
Leo sikwenda mtegoni. Nimeingia kwenye mahindi, ndani, si pembeni kwenye njia. Majani yana madirisha, mtu anaweza kuona upande wa pili. Nikapanua moyo wa mhindi mmoja kwa vidole: umejaa unga wa rangi ya vumbi la mbao, na ndani yake kiwavi mnene amejikunja. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Nilipanua mpaka vidole vikanuka. Sikuona mstari uliopona.

Nikaandika 35 kwenye simu kwa kukisia, nikatuma. Asante mpendwa.

18 Aprili
Makelele kila shamba. Meseji ya "puliza dawa" imetoka saa tatu na stoo ikafunguliwa saa nne, lakini mtaalamu mwenyewe kasema kiwavi akishazama kwenye moyo wa mhindi, dawa inaishia kulowesha majani. Watu wamepuliza hivyo hivyo. Mtu hawezi kukaa tu.

21 Aprili
Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Mwenyekiti aliita mkutano kwenye darasa la shule, saa nane mchana. Madawati ya watoto, sisi tumekunja magoti. Mtaalamu alitandika karatasi mezani, akasoma: mitego sita ilikuwa inapanda tangu mwanzo wa mwezi, wa saba peke yake ulikuwa unashuka. Mashine iliupa mtego wa katikati uzito mkubwa zaidi, ndiyo maana ikasema salama. Akauliza kwa upole, "Mama wa mtego wa saba, hebu tusaidie. Ilikuwaje?"

Mke wangu akasimama. Alikuwa dawati la mbele, na wanawake wenzake, mimi niko ukutani nyuma. Kabla hajafungua mdomo, dada yake akainuka. Shemeji yangu si mtu wa maneno mengi, siku ya msiba wa mumewe aliongea kidogo kuliko sisi sote. Leo alipiga kelele.

"Mimi sina mume wa kunilimia! Nimelima kwa mikono hii! Nikasema mdogo wangu ndiye anayehesabu, nina wasiwasi gani? Kikulacho ki nguoni mwako! Uvivu wa kuhesabu wadudu ndio umeninyima chakula cha watoto mwaka mzima?"

Wengine wakadakia. Mmoja akasema simu ilimlevya, alikuwa anachezea. Mwingine akasema alikuwa anaandika akiwa kitandani. Fundi Cherehani peke yake alikuwa ananitazama mimi.

Mke wangu aliacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akageuka. Hakugeuka kwa mtaalamu wala kwa dada yake. Aligeuka nyuma kabisa, akanitafuta kwenye ukuta, akaniona. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri, kama mtu aliyeshika mlango wazi ili mwenzake mwenye mzigo apite.

Nilijua la kusema. Lilikuwa jepesi: ni mimi. Nilihisi magoti yangu yakijiandaa. Nikamwona Fundi Cherehani, nikaona madawati yote, nikaona watu arobaini watakavyonicheka hadi uzeeni, mume aliyemwonea wivu mashine. Nikatazama sakafu. Kulikuwa na kipande cha chaki. Nilikitazama kile kipande cha chaki.

Nikasikia sauti yake: "Makosa ni yangu. Simu nilipewa mimi. Naomba mnisamehe."

Akakaa. Mkutano ukaendelea, wakachagua mhesabu mwingine. Tumerudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma.

22 Aprili
Ameondoka asubuhi na begi moja. Alinifagilia uwanja kwanza. Nikamwuliza anarudi lini. Akasema, "Uji uko jikoni." Amekwenda kwa wazazi wake.

25 Aprili
Mvua imerudi. Sasa ya nini.

30 Aprili
Nimepika ugali mara mbili leo, mara zote mbili umekuwa uji.

3 Mei
Fundi Cherehani amekuja. Nilidhani kaja kunicheka, nikamkaribisha nikiwa nimekunja uso. Hakucheka. Alikaa barazani akazungusha kofia mikononi, akaniambia, "Jirani, mkeo alikuja kwangu. Tarehe nane, kisha tarehe kumi na moja, kisha tena. Alipita kaya zote, nyumba kwa nyumba. Alituambia tuingie ndani ya mashamba tukague, tusingoje meseji."

"Mkasemaje?"

"Tukamcheka. Tukamwambia, mama, meseji ina jina lako, inasema salama. Sasa tumwamini nani, wewe au wewe? Hata dada yake alimfukuza, alisema unanitia kiwewe bure. Mimi nikamwuliza, kwani anayetuma hesabu si wewe? Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibu nini?"

"Alisema, 'Zinatoka nyumbani kwangu.' Basi. Nikamwona machozi yanamlenga, nikamwacha aende. Nikaelewa kwenye mkutano, ulipoangalia chini, na sisi wote tukiona haya kukiri kuwa alituonya."

Basi alijua. Alikuwa anajua tangu tarehe nane. Angesema maneno matatu tu, mume wangu anadanganya, na watu wangekagua, na mahindi yangepona, na mimi ningeumbuka. Akatembea kwenye tope kaya arobaini akitafuta namna ya kuwaokoa wao bila kunivua nguo mimi. Fundi Cherehani amekwenda bila kuaga vizuri. Nimelia mbele ya kuku.

6 Mei
Nimekwenda kwa mwenyekiti nikaomba aite watu. Nimesimama darasani nikasema yote, na wivu wa mashine nikausema. Nilitegemea wanirukie. Shemeji alitema mate chini akatoka. Wengine walitikisa vichwa, mmoja akacheka, watu wawili wakacheka naye. Mwenyekiti akasema jambo limekwisha, tupande maharage ya muda mfupi kabla mvua haijaisha. Dakika ishirini. Jambo lililokuwa zito kuliko mke wangu lilichukua dakika ishirini.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja kabla sijaota hata mvi.

12 Mei
Nimetoka ukweni. Mama mkwe alinipokea kwa heshima zote, "Marahaba mwanangu, karibu," akanipa kiti chenye mgongo, akatuacha.

Mke wangu alileta maji kwenye trei. Trei! Nyumbani ananipa maji kwa mkono wake. Akakaa kiti cha mbali. "Habari za huko?" akaniuliza. Nikasema nzuri. Nikamwambia nimesema mbele ya watu wote.

"Nimesikia. Umefanya vizuri."

"Ulijuaje?"

"Ulikuwa unawamwaga nyuma ya tangi. Nilikuwa naenda kuwahesabu." Akanyoosha kanga magotini. "Nilikuuliza jioni kumi na mbili. Sikuwa nauliza idadi, baba. Nilikuwa nakupa nafasi. Nilisema leo atachoka, leo ataniambia."

"Kwa nini hukumwambia mtaalamu?"

"Nimwambie mume wangu mwongo? Nilikusitiri. Na hiyo ni dhambi yangu, usidhani siijui. Niliona heri watu walilie mahindi kuliko wewe uonekane hufai. Dada yangu hasemi na mimi, na ana haki."

Nilipiga goti. Mtu mzima, kwenye sebule ya wakwe, nikapiga goti, nikamwambia nisamehe turudi. Akaniinua kwa kiwiko, kwa upole, kama anavyomwinua mama yake.

"Nimekusamehe," akasema. "Nilikusamehe uwongo siku ile ile ya kwanza. Hata wivu nimekusamehe, kwa sababu ulinipenda vibaya lakini ulinipenda. Lakini pale darasani, nilipogeuka..." Akainyoosha kanga tena. Halafu akasema, "Mimi siwezi tena kulala kwenye nyumba ambayo nikigeuka hakuna mtu."

Mama mkwe alinifungia mayai sita kwenye gazeti. Nimefika nayo nyumbani yote mazima, sijui kwa nini naandika hilo.

9 Juni
Maharage yametoka. Nimepalilia peke yangu, mstari wake na wangu.

2 Agosti
Nimevuna mahindi yaliyobaki. Gunia moja na debe, mengi yameliwa nusu. Shemeji kapata debe mbili tu. Nilimpelekea debe langu, akalipokea bila kunitazama, akalirudisha tupu mlangoni kesho yake. Shule imefunga, na mtoto wetu, anayesoma bweni, ameshukia kwa bibi yake, si hapa. Ilikuwa ahadi yao na mama yake.

Leo mtaalamu wa mradi amepita kumalizia orodha ya simu. Kwa mara ya kwanza nilimtazama karibu. Kumbe ana mvi masikioni, na kola ya lile shati jeupe imegeuzwa na fundi ili ivalike tena. Akaniambia, "Yule mama, hesabu zake za mwezi wa tatu zilikuwa safi kuliko za mitego yote. Sikuwahi kupata nafasi ya kumwambia. Nilionana naye siku ya kusimika mtego na siku ya mkutano, basi. Utamfikishia salamu zangu?"

Nikamwambia nitamfikishia. Akaondoka na pikipiki yake. Nikaingia ndani, nikafunga mlango jua likiwa utosini, nikakaa kwenye kitanda upande wake.

Mwezi wa tatu ukiisha na wa nne ukianza nilikesha kwa hofu ya mtu atakayeninyang'anya mke. Hakuna aliyekuja. Nimempoteza mwenyewe, kwa mdomo wangu uliofungwa, mchana kweupe, mbele ya watu arobaini.